Kibla cha Watu wa Mwezini

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia na mswada wangu kwenye mkoba wa ukili, nikidhani nimeajiriwa kwa ajili yake. Kumbe nimeajiriwa kusahihisha prufu, yaani zile kurasa za majaribio zinazotolewa kabla kitabu hakijachapwa. Ofisi ilikuwa ghorofani, nyuma ya Darajani, na harufu ya papa mkavu ilitufikia mezani. Mhariri Mkuu, mzee wa Kitumbatu asiyependa maneno mengi, aliupokea mswada kwa vidole viwili.

Ulikuwa hadithi ya watu wa Unguja waliohamia mwezini. Siku zile hadithi za kubuni za kisayansi tulikuwa tukiziandika wachache, na watu walituona hatuna kazi. Alikaa nao wiki tatu, kisha akaniita.

"Bi Salma."

"Naam."

"Nshausoma. Watu wako wamekaa huko miaka thelathini. Wakisali wanaelekea wapi?"

Nikafunua kurasa kutafuta.

"Na mwezi mwandamo wanauonea wapi, na wao wanaukanyaga? Idi wanasali lini?"

"Mzee, hii ni sayansi."

"Ndiyo maana nnakuuliza. Mtu wa Unguja umpeleke atakako, atauliza kibla kabla hajauliza pa kulala. Rudi nao. Siku nikikwambia peleka, utakwenda mtamboni kuchapwa. Kabla ya hapo usinisumbue."

Nilichukia, nikarudi nyumbani namtukana kimoyomoyo. Lakini alisema kweli. Katika kazi yetu jambo la kwanza ni kujenga ulimwengu: kabla hujaandika neno, uamue hewa inatoka wapi, maji nani anayagawa, amri iko kwa nani. Mimi nilijenga mitambo, watu nikawasahau. Tulikosea hivyo karibu sote, tukiona haya kuwapandisha bibi zetu kwenye chombo cha anga.

Nikamwendea sheikh mmoja wa mtaa wa Malindi, mle mle mjini, nikiogopa atanicheka. Hakucheka. Alimaliza kahawa yake, akasema wataelekea duniani, kwani Kaaba iko huku, na kuandama kwa mwezi watafuata tangazo la Unguja. "Na watagombana," akaongeza, "kama tunavyogombana sisi." Nikaiandika sura ya ugomvi wa Idi, nayo ndiyo niipendayo kuliko zote.

Sikuwahi kumaliza kabla Mhariri Mkuu hajastaafu. Meneja aliyekuja baada yake alitaka hadithi za mapenzi. "Mwezini hakuna wanunuzi, Bi Salma," aliniambia. Basi nikamwandikia mapenzi, wachumba wakiachana na kurudiana, mpaka nikawachoka wote. Wa kwangu niliuandika baada ya sala ya alfajiri, kabla sijateleka chai. Mgongo ulikwenda huko, na macho.

Nilipostaafu nami, nikauchukua mswada mpaka Bububu kwa mzee wangu, yule Mhariri Mkuu. Alikuwa kitandani, haoni tena. Nilimsomea siku nne. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake: peleka.

Nilipofika mwisho akauliza, "Wote wazima?"

"Vipi, mzee?"

"Miaka thelathini, hajafa hata mmoja? Akifa, jamaa zake wa huku watajuaje?"

Machozi yakanitoka. "Nimechoka, mzee. Sina nguvu ya kuandika tena. Niambie nipeleke."

"Na mimi nimechoka, mwanangu," akasema. "Rudi nao."

Niliutia kabatini nikafunga kwa ufunguo. Nilimkasirikia mgonjwa, Mungu anisamehe. Sikwenda kumtazama tena.

Asubuhi moja namenya muhogo, redio ikisoma matangazo ya vifo, nikasikia jina lake. Wakataja wanawe, wakataja ndugu zake wa Tumbatu na wa Mkokotoni. Nikavaa buibui nikaenda Bububu, nikakaa mkekani na wanawake wenzangu hadi wanaume walipolitoa jeneza. Neno langu likatoka nalo.

Nyinyi mnaoandika kwa simu mtaniuliza kama kazi hii ina faida. Sijui. Najua kwamba niliporudi nilifungua kabati, nikaandika sura moja iliyobaki. Kule mwezini amefariki mzee mmoja, mrefu, asiyependa maneno mengi. Mtangazaji anasoma majina ya wanawe, kisha anasema: habari ziwafikie ndugu zake wa Tumbatu na wa Mkokotoni, na jamaa na marafiki wote mlioko duniani.