Jicho la Bei ya Mbuzi

Mama yangu alilisalimia tangi la maji. Hiyo ndiyo siku niliyojua kwamba macho yake yamekwisha.

Lilikuwa tangi jeusi, jipya, nililolinunua mwenyewe na kulisimamisha kwenye kona ya nyumba yake, karibu na Birongo. Alikuwa anatoka shambani na fungu la chinsaga mkononi kwa ajili ya mboga ya jioni. Akasimama, akainamisha kichwa kidogo, akasema kwa heshima, "Bwakire, mchungaji." Kisha akasubiri kujibiwa.

Sikucheka. Nilitoka nikamshika kiwiko, nikamwambia mchungaji ameshaondoka.

"Ameondoka bila kuomba?"

"Alikuwa na haraka."

"Wachungaji wa siku hizi," alisema, akaingia ndani akipapasa fremu ya mlango.

Nyumba hiyo niliijenga mimi. Nasema hivyo bila kujificha kwa sababu hakuna mtu aliyenisaidia. Niliondoka hapa na sanduku la kuazima, nikaenda Doha kufua shuka za hoteli, na niliporudi nilikuwa mtunza bohari mwenye diploma ya ununuzi na ugavi. Niliisomea baada ya zamu, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi, wakati wenzangu wamelala. Diploma yenyewe nimeitundika sebuleni kwa mama, si kwangu Manga nilikoolewa, kwa sababu nilitaka yeye ndiye aamke akiiona. Nyumba ina vigae, ina madirisha mapana, na paa lake linaonekana kutoka upande wa pili wa bonde. Watu huja kuitazama siku ya Sabato baada ya ibada, na mimi huwaacha watazame.

Mama ndiye mtu pekee ambaye hakuwa ameiona. Mtoto wa jicho alianza kumfunika macho nikiwa ughaibuni, na kwenye simu hakuniambia lolote. Nyumba yake aliijua kwa viganja. Alikuwa akipitisha mkono ukutani kwenye vigae vya jikoni na kusema, "Laini kama mgongo wa ndama," nami nilikuwa nikitoka nje kidogo, nikijifanya naangalia kuku.

Basi nikajiwekea jambo moja: mama aione nyumba yake, na anione mimi.

Kutafuta bei ndiyo kazi niliyosomea, kwa hiyo nilianza mara moja. Nilipiga simu Nairobi. Nikaenda mwenyewe Kisii mjini. Nikauliza na Nyamira, katika hospitali ndogo ya misheni ambako mdogo wa mume wangu ni tabibu wa macho. Upasuaji ni ule ule: wanatoa ule utando, wanaweka lenzi, mgonjwa analala na bandeji, kesho inafunguliwa. Bei sasa. Mama hapendi kutajiwa maelfu, anasema maelfu hayana miguu, kwa hiyo nilimtafsiria kwa mifugo. Nairobi, ng'ombe watatu wa maziwa. Kisii mjini, ng'ombe mmoja. Nyamira, mbuzi.

"Mbuzi?" mama aliuliza.

"Mbuzi."

"Mwenye mimba?"

"Wa kawaida tu, mama."

Aliendelea kuchambua mboga kwa vidole. Mimi nilikuwa nimefurahi sana. Katika hoteli yetu kule, nyanya ya sanduku moja ilikuwa na bei tatu kulingana na mlango ilioingilia, na mimi ndiye niliyeufundisha uongozi kununua kwenye mlango wa nyuma. Hapa pia nilikuwa nimeupata mlango wa nyuma, tena wa ndani ya familia.

"Jicho la bei ya mbuzi litaona mbuzi tu," mama alisema mwishoni. "Mimi siendi."

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Kila nilipolirudia jambo hilo alikuwa na hoja nyingine. Kitu rahisi kina ugonjwa wake. Jirani mmoja alinunua gumbuti za bei hiyo na zikapasuka katikati ya mto. Nikamwambia jicho si gumbuti. Akasema ndiyo maana. Nikamwambia basi twende Kisii, nitatoa ng'ombe, ninaye. Akasema hawezi kukubali nimalize jasho langu kwa jicho moja la kizee ilhali kuna mahali pa mbuzi. Nikamwambia basi twende mahali pa mbuzi. Akasema hapo hapaaminiki.

"Mama, unataka nini?"

"Nataka unyamaze kidogo, mwanangu. Unaongea kama mnada."

Nilijua njia ya kummaliza. Nilimwita shemeji aje nyumbani amweleze mwenyewe kitaalamu. Alikuja Jumapili alasiri kwa bodaboda kutoka Nyamira, kijana mrefu, mpole, na tochi yake ndogo ya kuangalia macho kwenye mfuko wa shati. Mama aliposikia sauti yake uani alivuta leso kutoka mabegani akajifunika kichwa na nusu ya uso, akahamia kiti cha pembeni, akageuka ukutani. Shemeji hakupita mlangoni. Alisimama pale akiangalia viatu vyake.

"Shemeji, mwambie mama namsalimia," aliniambia.

Mama yuko pale, hatua chache tu kutoka kwake.

"Mwambie tumepokea," mama aliuambia ukuta. "Muulize kama wa kwao hawajambo."

"Mwambie hawajambo. Muulize kama macho yanauma."

"Mwambie hayaumi."

Nikawa kama posta. Shemeji alikunywa chai nje, chini ya baraza, na mama akanituma nimwongezee ndizi, kisha nimwongezee tena. Tochi haikutoka mfukoni.

Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa nimekasirika. Nikamuuliza ni tabibu wa aina gani anayeogopa mgonjwa.

"Shemeji," alisema taratibu, "yule ni mama mkwe wetu. Mimi hata mkono sijawahi kumpa. Nitamfungua jicho vipi? Nitamshika uso?"

Sisi Wagusii tuna neno ensoni. Ni ile aibu ya heshima kati ya mzazi na wakwe zake; hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawakai mahali pamoja wakazoeana. Ndugu ya mume wangu ni mkwe wa mama yangu sawa na mume wangu mwenyewe. Hayo nilikuwa nayajua tangu utotoni. Lakini nilikuwa nimeyafikiria kama mambo ya uani na ya harusi. Nilidhani mtu akivaa koti jeupe ensoni inabaki nje ya geti. Na mama asingeweza kuniambia, kwa sababu kulitaja jambo lenyewe tayari ni kulivunja. Ndiyo maana alikuwa akijificha nyuma ya mbuzi.

"Basi nitauza ng'ombe," nilisema. "Tutaenda Kisii."

Shemeji akacheka kidogo. "Yule daktari wa Kisii wa bei ya ng'ombe huja kwetu kila Jumatano."

"Yule yule?"

"Yule yule. Na lenzi za aina ile ile."

Nilimtaka anieleze, na alinieleza vizuri, tena alinieleza kama mtu anayejua anazungumza na mwenye diploma. Kule Kisii daktari analipa kodi ya jengo katikati ya mji, analipia mashine aliyoinunua kwa mkopo, analipia mafuta ya jenereta, na wagonjwa humjia mpaka kutoka Migori na upande wa Tanzania, watu waliokwisha kujiandaa. Ukifika Nairobi unaongeza lifti, marumaru na binti wa kukukaribisha kwa maji baridi. Nyamira jengo ni la kanisa, lenzi zinaletwa na wafadhili, na kazi ya Jumatano daktari anaifanya kama sadaka.

"Bei haikai kwenye jicho, shemeji," alisema akipanda bodaboda. "Inakaa kwenye paa."

Hilo nilikuwa nimeshalihisi. Nyanya ni nyanya.

"Na wewe Jumatano utakuwa wapi?" nilimuuliza.

"Nje. Nitakuwa nje kabisa."

Nilirudi ndani. Mama bado alikuwa ameukabili ukuta, leso kichwani. Sikumtajia neno lolote ambalo lingemwaibisha. Nilianza tu kumsaidia kuondoa vikombe, nikasema kama ninayesema mambo ya mvua kwamba Jumatano daktari wa Kisii huwa Nyamira, mgeni kabisa, mtu wa mbali, hata si wa kabila letu, na yeye ndiye hushika wagonjwa siku hiyo.

Alisogeza leso kidogo kutoka sikioni.

"Na hao wengine wa pale?"

"Jumatano huwa nje."

"Nje wapi?"

"Nje kabisa, mama."

Aliitoa leso kichwani, akaikunja vizuri juu ya magoti, kona kwa kona.

"Mbuzi naye si mnyama wa kudharauliwa," alisema. "Ana macho makali sana."

Jumatano tulifika Nyamira asubuhi yenye ukungu. Nilimvalisha mama koti nililomletea kutoka Doha, la bei ambayo sitaitaja kwa mnyama yeyote. Daktari alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, aliyemwita mama "nyanya" na kumuuliza kama amewahi kumpiga mwalimu. Mama akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mimi nilipiga moja tu," na mlango ukafungwa wanacheka. Mimi nilibaki kwenye benchi na mkoba wake. Nimewahi kusimamia bohari yenye milango minane nikiwa na usingizi, hesabu isikosewe. Pale kwenye benchi nilihesabu vitu vya mkoba wa mama mara tatu nikapata idadi tatu.

Walimtoa akiwa na bandeji, wakamkalisha kando yangu apumzike kabla ya kupelekwa wodini. Baridi ya kule juu iliingia dirishani. Nje, nyuma ya ukuta, mtu alikuwa anakohoa. Alikohoa, akanyamaza, akakohoa tena, na mchanga ukalia chini ya viatu vyake, akienda na kurudi.

Mama aligeuza kichwa upande wa sauti, kisha akakirudisha mbele.

"Huyo anayekohoa hapo nje," alininong'oneza, "mwambie akavae sweta."

Nilitoka nikamwambia shemeji. Alikuwa kwenye kona ya jengo, mikono kwapani, pua imelowa. Alikuwa hapo tangu mlango ulipofungwa. Akaenda akavaa sweta, akarudi kusimama pale pale.

Kesho yake muuguzi aliifungua bandeji. Mama alipepesa jicho muda mrefu, machozi yakimtiririka, na mimi nilikuwa nimejiweka mbele yake kabisa, nimechana nywele, nimevaa gauni la bluu. Alinitazama. Alinyoosha kidole akanigusa hapa chini ya jicho, kwenye mikunjo.

"Umezeeka, mwanangu," alisema. "Ulikaa huko sana."

Mafuta ninayopaka usoni si ya mchezo, lakini sikuyataja.

Nyumbani aliingia pole pole kama mgeni. Alitazama madirisha, akatazama dari, akasimama mbele ya diploma yangu akalisoma jina kwa sauti, herufi kwa herufi, jina alilonipa mwenyewe. Kwenye vigae vya jikoni bado alipitisha mkono. Halafu akatoka nje akazunguka kona, akakutana na tangi. Walitazamana.

"Kumbe wewe," aliliambia.

Jioni hiyo alinifungia kapu: mkungu mdogo wa ndizi zilizoiva, unga wa wimbi, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Hakusema ni la nani, nami sikuuliza. Niliponyanyua kapu akanishika mkono.

"Yule wa sweta," alisema akiangalia pembeni, kwenye migomba. "Ni mrefu?"

"Ni mrefu, mama."

"Nilihisi. Kikohozi kilikuwa kinatoka juu." Akafikiri kidogo. "Ana sura nzuri?"

Jicho lake lilikuwa safi sasa, linaona mpaka jani la mwisho la mgomba, na mimi nilijua kwamba mama hatamtazama kijana huyo usoni kamwe.

"Nzuri sana," nikamwambia. "Ana macho ya upole. Akicheka anaanza upande mmoja wa mdomo, kisha mwingine unafuata."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole, akiiweka sura hiyo mahali pake.

"Mpelekee kabla giza halijaingia," alisema.