Njia ya Tano ya Mzee Kisiki

Kazi ya Bi Njia ilikuwa kuwazuia watu wasiuze ardhi kabla hawajajua kama kuna lingine la kufanya. Jina lake halisi lilitumika kwake nyumbani tu, huko mashambani aliitwa Bi Njia, maana kila alikopelekewa kilio alijibu maneno yaleyale: "Njia zipo." Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo, kinanuka dawa ya kupe hadi kwenye mapazia. Shirika lililomwajiri lilikuwa dogo mno. Wageni wakizidi wawili, mmoja alikaa juu ya ndoo.

Mdomo alikuwa nao, usiseme, na mzaha ndio uliokuwa zana yake ya kazi. Alijua kwamba mwenye shamba akitolewa makaratasi huinamisha kichwa, akaitikia kila kitu, akaenda zake bila kuelewa hata kimoja. Kwa hiyo makaratasi aliyaacha kwenye mkoba. Aliomba vitu vya nyumba hiyohiyo, akavipanga mezani, kila kitu njia yake. Kikombe: shamba liwe la ukoo mzima, watu wanywe pamoja, asiwepo mmoja wa kulimwaga peke yake. Kamba: likodishwe kwa mkulima au mfugaji kwa miaka kadhaa, kisha lirudi. Mbegu: sehemu yake iachwe iwe msitu, na shirika lisaidie kuutunza. Ufunguo: mkataba wa kulifunga, kwamba awaye yote atakayekuwa nalo, leo au kesho kutwa, hatalichimba wala kulikata viwanja. Ufunguo ndio uliokuwa mgumu, maana haukugeuka mpaka watoto wote wa mwenye shamba wakubali kwa vinywa vyao.

"Shika mkononi," aliwaambia. "Njia usiyoweza kuishika si yako."

Basi akaitwa kwa Mzee Kisiki.

Jina hilo alipewa na majirani, enzi hizo bado ana majirani. Kampuni ya kokoto ilinunua kilima cha mbele, na watu wakahama mmoja mmoja. Hakuna aliyefukuzwa, thubutu! Akufukuzaye hakwambii toka. Kilima kililipuliwa mchana, vumbi likatua juu ya mahindi, maji ya visima yakageuka rangi, na jioni gari jeupe lilisimama barabarani, halizimi injini, halishushi mtu. Wakauza. Mzee akabaki katikati ya nyumba zilizoezuliwa mabati, mgane, na mwanawe kitinda mimba, na ugonjwa wa moyo ambao binti yake mkubwa alimletea vidonge vyake kutoka mjini.

Siku ile ya kwanza, baruti ililia Bi Njia akiwa anapanga vitu mezani. Kikombe kikatetemeka, kikasogea chenyewe hadi ukingoni, na kitinda mimba akakidaka.

"Hata kikombe kimeshachoka, kinataka kuhama!" akasema Bi Njia, wakacheka.

Alipokwisha kueleza njia zote nne, Mzee alinyoosha kidevu upande wa mlango, ambako beleshi lilikuwa limeegemezwa ukutani.

"Na lile? Lile ni njia gani?"

Mdomo ukamwasha Bi Njia. "Lile? Lile ni njia ya tano, Mzee wangu. Unachimba kaburi katikati ya shamba, unalala humo, halafu tuone kama kuna mnunuzi atakayesogea!"

Kitinda mimba alicheka hadi akashika mbavu. Mzee hakucheka. Alilitazama lile beleshi, kisha akauliza kwa adabu kabisa, "Na hiyo nayo inataka watoto wakubali?"

"Aa, Mzee, nakutania!"

"Najua, mwanangu. Nimeuliza tu."

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Bi Njia alijua amekosea, lakini watu wa maneno mengi hawapendi kurudi nyuma kuokota neno lililodondoka. Alimaliza chai yake, akauliza Mzee amependa njia ipi.

Mzee alichagua ufunguo. Ulikuwa ufunguo wa ghala, umeshika kutu kidogo, akautia kwenye mfuko wa shati. Kitinda mimba alikubali palepale. Akabaki binti mkubwa.

Binti mkubwa alikuja wiki iliyofuata, Bi Njia naye akiwepo, akasimama mlangoni na mkoba begani, hakutaka hata kukaa.

"Sikubali," alisema. "Baba, kifua hicho si turubai la kukinga vumbi. Usiku kucha unakohoa. Uza tuondoke hapa!"

"Mama yako amelima hapa maisha yake yote."

"Na mama yuko wapi?"

Binti mwenyewe alijuta, ilionekana usoni, lakini neno lilishatoka. Aliweka mfuko wa vidonge mezani, akaondoka bila kuaga. Mzee alitoa ufunguo mfukoni, akaurudisha mkononi mwa Bi Njia.

"Huu umekataa," akasema. "Kaa nao. Asante kwa kunionyesha njia zote."

Zote. Neno hilo Bi Njia alirudi nalo nyumbani, akalipikia, akalilia chakula, akalilalia. Mumewe alimuuliza mbona leo redio imezimwa.

Baada ya siku chache za kujidanganya kwamba ana kazi nyingi, alikwenda mjini kumtafuta binti mkubwa. Alimkuta kwenye chumba cha mafundi cherehani, ameinamia sare za shule, vitambaa vimejaa hadi miguuni.

"Umekuja kunibembeleza," binti akasema bila kuinua macho. "Dada yangu, wewe unahangaikia udongo. Mimi namhangaikia baba. Udongo hauumwi moyo."

Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, Bi Njia hakuwa na mzaha. "Mkiuza, atakaa wapi?"

"Kwangu."

"Atakaa?"

Mguu wa binti ulisimama juu ya pedali. Alikitazama kile chumba, kiti cha plastiki cha wateja, dirisha linalotazama ukuta wa watu wengine.

"Atakaa hapo kwenye kiti," alisema taratibu. "Kama mgeni anayesubiri nguo yake." Akajifuta macho kwa kipande cha sare. "Haya. Nitakuja Jumamosi. Lakini kikohozi chake mtakitafutia dawa, mnanisikia?"

Alimpigia simu mdogo wake kumpa habari, akaweka sauti ya nje ili Bi Njia naye asikie.

"Baba hajambo!" kitinda mimba akasema. "Tena siku hizi ana nguvu, huwezi kuamini. Kutwa anachimba."

"Anachimba nini?"

"Shimo la mbolea, anasema. Ila dada, sijui... Kalichimba katikati kabisa ya shamba. Na kingo kazinyoosha vizuri mno."

"Na vidonge anameza?"

"Anasema anameza."

Bi Njia alikuwa ameshasimama. "Jumamosi ni mbali," akasema. "Twende sasa hivi. Twende, mwenzangu, nitakueleza njiani."

Njiani alimweleza. Binti hakumtukana, na hilo lilimuuma Bi Njia kuliko matusi.

Gari jeupe lilikuwa pale barabarani, linaunguruma. Lakini leo lilikuwa limeshusha mtu. Mwanamume mwenye kofia ngumu alisimama kwenye ukingo wa shamba, mikono kiunoni, anatazama ndani wala havuki. Mzee Kisiki alikuwa ameketi juu ya tuta la udongo mbichi, miguu inaning'inia shimoni, na kitinda mimba amesimama kando yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mmemwona yule? Tangu asubuhi yuko pale. Hasogei." Alimwangalia Bi Njia kwa shukrani ya kweli. "Ulisema kweli, mwanangu."

Bi Njia alitamani ardhi ipasuke. Binti mkubwa alipiga magoti kwenye udongo na gauni lake la kazini, akauchukua ufunguo kutoka kwa Bi Njia, akaufumbata mkononi mwa baba yake.

"Nimekubali, baba. Lifunge. Lifunge shamba lako, hakuna atakayeligusa. Ila toka hapo, nakuomba. Toka hapo!"

Mzee aliutazama ufunguo, akainuka, kisha akacheka. Alicheka kicheko ambacho watoto hawakuwa wamekisikia tangu mama yao afariki, kinaanzia tumboni, kinakatizwa na kikohozi, kinaendelea.

"Kumbe unageuka! Haya, kitinda mimba, fukia. Mbolea gani hii ya kuzikwa kina chote hiki!"

Wakacheka wote, Bi Njia kwa machozi. Kijana alishika beleshi akatupa udongo mara kadhaa, kwa furaha, bila kuangalia unapoangukia. Mwenye kofia ngumu akarudi garini.

"Na vidonge, baba?" binti akauliza. "Viko wapi?"

Mzee aliona haya kidogo. Alionyesha chini kwa kidevu, kwenye kona ya shimo ambayo ilikuwa imeshafunikwa. "Nilivipumzisha humo. Vyote vizima, sijagusa hata kimoja. Leo naanza tena, usigombe."

Kilimani baruti ikalia. Udongo ukaporomoka kidogo kutoka kwenye zile kingo zilizonyooshwa. Mzee alipeleka mkono kwenye mfuko wa shati kana kwamba anautia ufunguo, ila mkono ulibaki palepale kifuani, ukafinya. Akaketi chini polepole. Bi Njia akamdaka mabega.

"Ngoja kwanza, mwanangu," Mzee alimwambia kitinda mimba. "Usifukie."

Binti mkubwa aliruka ndani ya shimo, akaanza kuchakura udongo kwa mikono miwili.