Askari wa Kutangulia

Juzi nilimwona mpwa wangu akicheza mchezo wa vita kwenye simu, nikamkumbuka baba. Alasiri moja nilipokuwa mtoto, kwetu Kibuli, alikuwa nyumbani likizo kutoka jeshini, akinukia dawa ya viatu. Nilizoea kucheza mchezo kama huo peke yangu, lakini siku hiyo aliketi nyuma yangu, akitazama kompyuta. Nilimtuma askari mmoja amvute adui mbali, kisha jeshi langu likazunguka na kuvamia ngome kwa nyuma. Nilishangilia.

"Na yule mmoja?" baba akauliza.

"Huyo wa kufa tu, baba. Ndiyo mbinu!"

Aliinuka. Nilidhani hajauelewa mchezo. Alitoka kwenda uani, akasimama huko mpaka adhana ikaisha. Kesho yake aliondoka tena, nikabaki na mvumo wa kompyuta. Nilikuwa mtu mzima mama aliponieleza kwamba kazi ya baba jeshini ilikuwa kutangulia mbele, peke yake.