Timu Iliyobaki Kwenye Diski ya Zamani

Nilikuwa uani nasugua masufuria niliposikia kompyuta ikikwaruza huko ndani, krr, krr, krr, kama panya aliyekutana na gunzi la hindi. Nikafurahi. Nilidhani ndiyo sauti ya magemu yakihama.

Diski yetu ilikuwa imejaa. Mdogo wangu alikuwa amenunua ya pili Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, lakini kabla hajaifunga akapata kazi ya utingo kwenye lori la Lubumbashi. Akiwa ameshakanyaga ngazi ya lori aliniambia, "Dada, tafuta fundi ayahamishe magemu. Ila timu yangu asiiguse."

Timu yenyewe ilikuwa mtaa wetu. Kwenye gemu la mpira alikuwa amefuta majina ya wachezaji wa Ulaya, mmoja mmoja, likizo baada ya likizo, akaandika watu wa Tunduma. Wabadilisha kwacha wawili aliwaweka pembeni, maana askari akitokea wanatoka mbio na hakuna anayewakamata. Beki wa kati, muuza chipsi. Golini, Mama, hakuna kinachompita, alisema. Mwenyewe alijiweka benchi. Jioni Mama alikuwa akipita na beseni lake anauliza, "Leo nimefungwa?"

Nilipoingia sebuleni fundi niliyemwita alikuwa anakaza skrubu ya mwisho. Kijana wa chuo, viatu hajavua.

"Tayari, dada'angu. Magemu yote yapo diski mpya. Ile ya zamani nimeisafisha, nyeupe kabisa."

Akafungua gemu. Likawaka vizuri, na uwanja ukapiga kelele. Golini alisimama mzungu mwenye nywele za njano.

"Watu wetu wako wapi?"

Akajikuna shingo. Gemu, alieleza, alilihamisha folda nzima. Kumbe timu ilihifadhiwa kwenye folda nyingine, na huko hakuchungulia kabla ya kufuta.

"Nilikwambia usiiguse timu!"

"Sikuigusa. Imekwenda na diski. Halafu gemu si linacheza? Hayo ni majina tu, dada. Mtaandika mengine."

Majina tu! Leo naandika riwaya, nakaa na waandishi wenzangu tukibishana mpaka chai inapoa, na bado ile "tu" inanichoma. Mdogo wangu aliutazama mji ambao wageni wanaujua kwa vumbi na foleni ya malori, akauingiza uwanjani, akaufanya ushangiliwe. Mtu mwenye bisibisi akaufuta bila hata kuchungulia, kisha akasubiri ashukuriwe kwa sababu mashine inawaka!

Kelele zangu zilimleta Mama.

"Kuna nini?"

"Umefutwa, Mama."

Akainama mbele ya skrini, akamkagua yule kipa kuanzia nywele hadi viatu. "Huyu nani? Nani kanitoa golini?"

Fundi akacheka. "Mama, ni gemu tu."

"Mwanangu akirudi akaniulizia humu, utamjibu wewe?"

Fundi akaanza kukusanya nyaya zake.

Mama alikulia kijijini, Itaka, na sijawahi kumwona akimwacha mgeni aondoke peke yake. Hata aliyekuja kugombana humsindikiza mpaka barabarani. Siku ile aliziokota bisibisi za fundi, akamkabidhi mkononi. Fundi alivuka kizingiti, akageuka aage, na mlango wa chuma ukafungwa usoni pake.