Mwaka Parokia Ilipotutuma Majumbani

Paroko wetu alipotangaza kwamba mwaka huo parokia ingejifanyia tathmini, wengi tulidhani ni namna mpya ya kuanza kuomba michango. Mwenzangu wa kwaya aliniinamia akaninong'oneza kwamba bila shaka paa la nyumba ya mapadri limeanza kuvuja. Haikuwa hivyo. Padri alisema anataka tujue sisi ni nani, imani yetu tunaiishije, na tunataka parokia iweje miaka mitano ijayo. Na hakutaka kuyajua hayo kwa kukaa ofisini na viongozi wa walei. Watu wangekwenda majumbani wawili wawili, hasa kwenye vigango, makanisa madogo ya vijiji vya mbali, wakaulize na wasikilize.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ruangwa. Nilizaliwa Nachingwea, nikapangiwa kazi huku nikiwa bado msichana, nikaolewa, nikabaki. Kanisani, kazi yoyote inayohitaji kalamu huwa inaniangukia mimi, na hiyo nayo ikaniangukia. Sikuifurahia. Mitihani ya nusu muhula ilikuwa mezani haijasahihishwa, na kigango nilichopangiwa kipo njia ya Narung'ombe, kwenye vumbi jekundu ambalo halitoki kwenye nguo hata ufue mara ngapi.

Mwenzangu wa kutembea alikuwa katekista wa kigango hicho, mkulima wa korosho, mtu mrefu, mpole, anayefikiri kwanza ndipo aseme. Alikuwa amewafundisha katekisimu watu ambao sasa anawafundisha watoto wao. Jumamosi ya kwanza bodaboda ilinishusha mbele ya kanisa lao dogo la matofali ya kuchoma, nikamkuta ananisubiri na baiskeli yake. Tukaiacha pale, tukaenda kwa miguu.

Nyumba za mwanzo zilituenda vizuri, pengine vizuri kupita kiasi. Watu walitoa viti, wakatoa maji ya kunywa, wakajibu kama wanafunzi wanavyomjibu mkaguzi. Kanisa lipanuliwe. Misa iwe mara mbili kwa mwezi badala ya mara moja. Vijana wapatiwe kinanda. Niliandika yote na nikaona kazi si ngumu kama nilivyoogopa. Tulipotoka nyumba ya tatu katekista alisema tu kwamba hayo anayasikia kila mwaka, na kwamba mengine huwa hayasemwi mbele ya mgeni.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya mama mmoja niliyemjua kwa sura. Kila nilipokwenda kigango kile na kwaya nilimkuta amekwisha fagia kanisa na kuweka maji ya padri ya kunawa. Mama wa makamo, mwembamba, mwenye haya. Nilichokuwa sijui ni kwamba mume wake ni Mwislamu. Tulimkuta mume huyo uani, anakung'uta ufuta juu ya turubai, matita makavu yameegemezwa ukutani yanangoja zamu. Katekista alimwita shemeji, kwa sababu yeye na yule mama walitoka kijiji kimoja na walihesabiana undugu. Wakasalimiana kwa muda mrefu, habari za shamba, za mvua zilizokatika mapema, za bei. Kisha mzee akamwita mke wake, akatuwekea mkeka, akachukua ungo wake ili atuachie nafasi.

Katekista akamwambia, "Shemeji, kaa. Haya si ya siri."

Akakaa pembeni, akaendelea kupepeta taratibu.

Nikamuuliza mama yale maswali. Alijibu kwa sauti ndogo sana. Kanisa ni zuri. Padri ni mzuri. Hana neno. Nilipomuuliza anatamani nini kwa miaka ijayo, aliangalia mikono yake akasema hana neno. Nikawa nafunga daftari. Hapo mume wake akaweka ungo chini.

"Mwalimu," akasema, "mimi si mtu wa kanisa lenu. Lakini kama mnauliza watu, mimi nina swali."

Nilimwambia aulize.

"Huyu mama haachi kwenda kanisani. Awe na homa, aende. Siku mtoto wetu wa mwisho alipopokea komunyo ya kwanza, nilikuja kumshuhudia. Nikaona watu wote wanapanga mstari kwenda mbele, hata walevi ninaowajua mimi. Mke wangu akabaki kwenye benchi, peke yake, ameinama. Nilimuuliza tuliporudi, hakunijibu. Nimemuuliza tena miaka mingine, hajibu. Sasa nawauliza ninyi. Amefanya nini?"

Hakuinua sauti. Mama alikuwa amevuta kanga mpaka usoni. Nilimtazama katekista. Naye akamweleza mzee kwamba mke wake hajafanya kosa la aibu. Wao wawili waliishi kama mume na mke kwa ndoa ya mila, mahari ilipokelewa na wajomba wa mke, kila mtu anawaheshimu, ila ndoa yao haikufungwa kwa taratibu za Kanisa, na kwa sababu hiyo yeye hawezi kwenda mbele kupokea komunyo.

Mzee alifikiri. "Kwa hiyo sababu ni mimi."

"Sababu ni ndoa," katekista akasema.

"Ndoa ni yangu mimi na yeye. Na haiwezi kufungwa kwa sababu mimi ni Mwislamu?"

"Inaweza. Askofu anatoa ruhusa. Wewe unabaki na dini yako."

Mzee akamtazama mke wake, akatutazama sisi. "Inaweza," akarudia. "Na miaka yote hii hakuna aliyekuja kuniambia."

Katekista alisema kweli bila kujitetea. Alisema walidhani angekataa. Mama naye, kutoka ndani ya kanga yake, akasema hivyo hivyo: alidhani mumewe angeona anataka kumgeuza dini, akaogopa kuiharibu nyumba yenye amani. Sisi kanisani tulimwogopa mtu ambaye hatukuwahi kumsemesha.

Tuliondoka pale bila kuuliza maswali mengine. Njiani sikuwa na huzuni. Nilikuwa na ile hali ya mtu aliyepapasa gizani muda mrefu akakuta kumbe mlango haukufungwa kwa ufunguo. Jumamosi zilizofuata, kila tulipoingia nyumba nyingine, katekista aliuliza kwa namna yake kama wapo walioacha kupokea na kwa nini. Wakawa wengi. Si wote walikuwa na kisa cha namna hiyo. Wengine waligombana na kiongozi wa jumuiya, mmoja alisema waziwazi kwamba misa zetu zinamchosha. Lakini wanawake wa ndoa za mila walikuwa kila upande, na wenzetu waliotumwa Mbekenyera wakarudi na habari hiyo hiyo.

Kikao cha kupanga mipango kilifanyika darasani kwa watoto wa chekechea, watu wazima tumekaa kwenye viti vifupi magoti yakigusa kidevu. Mzee mmoja wa kamati ya ujenzi, mtu anayeipenda parokia kwelikweli, alikuja na ramani ya kanisa jipya. Alisema mpango lazima uwe na kitu cha kuonekana, na kwamba matembezi hayaonekani. Wengi walikuwa upande wake. Nami nilikuwa upande wake kabla sijakaa kwenye ule mkeka. Katekista alisimama akaeleza tulichokikuta, bila kutaja nyumba. Alipomaliza, padri aliuliza swali moja tu: kanisa hilo jipya, mstari wa kwenda mbele utakuwa mrefu kiasi gani?

Hatukuitupa ramani. Tulikubaliana kwamba ujenzi ungekuja, ila mwaka wa kwanza ungekuwa wa kuzungumza na kila familia ya ndoa ya namna hiyo, mume na mke pamoja, na padri mwenyewe akiwa mmoja wa watembeaji. Mzee wa ujenzi alinung'unika kidogo, kisha akaitoa pikipiki yake itumike.

Padri alikwenda kwa yule mzee wa ufuta kabla ya wengine wote. Sikuwepo, lakini katekista alinisimulia kwamba walikaa mchana kutwa, na kwamba mzee alitaka kuelewa kila kitu. Aliuliza kama watamwaga maji kichwani pake. Aliuliza kama atazikwa na watu wake. Alipohakikishiwa, akamwendea imamu wa msikiti wao, mtu waliyekua pamoja, akamweleza asije akayasikia kwa watu. Baada ya hapo karatasi zikaenda kwa askofu, zikakaa, zikarudi.

Ndoa ilifungwa Jumamosi moja kabla ya Majilio, msimu wa kuingojea Krismasi, korosho zikiwa bado zinaokotwa. Haikuwa na misa. Padri alikuwa ameeleza kwamba kwa ndoa ya dini mbili husomwa masomo, huwekwa ahadi, hutolewa baraka, basi. Kwaya tuliimba kama kwa harusi ya mabinti. Bibi harusi alivaa kitenge kipya cha bluu, na wajukuu wake walikaa benchi la mbele wakicheka kila padri aliposema "bwana harusi." Mzee alivaa kanzu yake ya Idi. Alipofika kwenye kuahidi alisema maneno yote bila kukwama, kisha akaongeza moja ambalo halikuwa kwenye kitabu: "Na nilikuwa tayari tangu zamani." Padri aliliacha lipite.

Chakula kilikuwa kwao nyumbani. Mdogo wake mzee ndiye aliyechinja kuku, ili kila aliyefika ale bila wasiwasi, na imamu alikuja akala, akamtania katekista kwamba sasa amekuwa shemeji kwa mara ya pili. Kesho yake, kwenye misa ya Jumapili, mwenzangu mmoja wa kwaya alilia tulipoimba wimbo wa komunyo. Mimi sikulia. Niliimba vibaya tu, kwa sababu nilikuwa natazama mstari badala ya mwalimu wa kwaya. Mama alikwenda mbele kama mtu anayekwenda kuchota maji, bila haraka, akapokea, akarudi mahali pake akapiga magoti.

Tathmini yetu haijaisha. Mwaka wa pili wa mpango umeanza, msingi wa kanisa jipya umechimbwa, na zipo nyumba ambazo tumekataliwa kabisa, mume mmoja akatwambia tusirudi. Lakini yule mama, aliyekuwa hana neno, ameingia kwenye kundi la watembeaji. Mwezi uliopita tulikwenda naye Matambarale, kwa mwanamke kijana ambaye hakutaka hata kutufungulia. Mama alisimama mlangoni akaanza kuzungumza naye Kimwera, haraka haraka, mimi nikishika neno moja moja. Nikasikia "mume," nikasikia "usiogope." Ndani mtu akacheka. Kisha mlango ukafunguliwa, tukaambiwa tukae, chai inachemka.