Samaki hai mpakani, na program iliyokataa kuachia connection

Wakuu, salamu kutoka Busia, upande wa Kenya.

Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mahali nitakapoonekana mjinga, niacheni hivyo hivyo.

Mimi ni agenti wa clearing, kazi yangu ni kutolea watu mizigo forodhani. Ofisi iko kwenye jengo moja mtaa wa Burumba, tumejaa maagenti humo, kila mtu na chumba chake. Tunatuma makaratasi ya mizigo kwa program moja tuliyotengenezewa na kampuni ndogo, na wote tunaingia kwa account moja ya chama chetu.

Kwa kuwa nilisomea computer kidogo kabla maisha hayajanileta mpakani, mimi pia ndiye fundi wa jengo. Kazi hiyo silipwi, natukanwa tu.

Siku hiyo mteja wangu alikuwa Mama Amoit kutoka Chakol. Ni mfugaji wa samaki. Mvua ilikuwa imevunja kingo za bwawa lake na kuondoka na kila kitu, sasa alikuwa anaanza upya na vifaranga vya tilapia kutoka Uganda. Mtaji wote wa kuanzia ulikuwa juu ya pickup moja.

Kwa wasiojua, vifaranga husafirishwa wakiwa hai ndani ya mifuko ya plastiki. Chini maji kidogo, juu oksijeni, halafu mdomo unafungwa kwa raba. Oksijeni ikiisha hakuna mjadala. Na pickup ilikuwa imepata pancha njiani, kwa hiyo ilifika imechelewa na jua limeshawaka.

Karatasi zote zilikuwa sawa. Kilichobaki ni mimi kubonyeza Tuma, system irudishe namba, gari lipite. Bila namba hakuna afisa wa forodha atakayekufungulia geti.

Nikabonyeza. Kiduara kikazunguka.

Nikabonyeza tena. (Msijifanye, hata nyinyi hufanya hivyo.) Bado kinazunguka. Kwenye korido nikasikia wenzangu wanalalamika kitu hicho hicho, kila chumba watu wanabonyeza kama wanaita lifti.

Hapa nieleze kidogo. Jengo letu liko karibu sana na mpaka. Modem mara inashika mnara wa Kenya, mara inarukia wa Uganda. Ikiruka, connection zilizokuwa wazi, yaani njia za kuongea na server, zinakufa bila kuaga. Server, ile mashine kuu inayopokea makaratasi, haijui kama zimekufa, inaendelea kuzishikia nafasi.

Nikafungua lile dirisha jeusi la command kuangalia connection za mashine yangu tu. Wakuu, nilitokwa na jasho. Zilikuwa zimejipanga mpaka chini ya screen.

Kumbe kila ukibonyeza Tuma, program inafungua connection mpya. Inasubiri kidogo, inaona kimya, inaiacha ile wazi na kufungua nyingine. Hata ukitoka ukaenda kunywa chai, yenyewe inaendelea kujaribu. Na account ya chama imewekewa kiwango cha connection zinazoweza kuwa wazi kwa wakati mmoja. Zote zilikuwa zimeshikwa, nyingi zikiwa maiti. Nilijaribu hotspot ya simu ikawa kazi bure, maana account ni ile ile.

Nikapigia kampuni. Jamaa wa support akaniambia server hukata yenyewe connection zilizokaa kimya, kama dakika kumi hivi. Lakini program izimwe kwenye mashine zote. Ikibaki inahangaika hata mashine chache, kila nafasi inayoachiliwa itanyakuliwa papo hapo.

Nilipokata simu nikamkuta Waiswa mlangoni, dereva wa pickup, Mganda mpole.

"Ssebo, bwana, hizi samaki zimeanza kuja juu," akasema. "Zinatafuta hewa."

Nyuma yake alisimama Mama Amoit. Alikuwa amevua leso yake, akailowesha na kufunika mifuko nayo kule kwenye gari. 

"Boss, niambie ukweli," akasema. "Nirudi nazo Uganda ama ningoje?"

Nikamwambia angoje. Sikuwa na uhakika wowote, na niliogopa.

Nikaanza kupita chumba kwa chumba nikiomba watu wazime program. Walinuna, walinitupia maneno, lakini walizima. Mpaka nikafika kwa Salim.

Salim ni transporter, na trela lake lilikuwa limekwama kwenye foleni tangu jana yake. Mimi na yeye hatukuwa tunaiva. Tulishawahi kunyang'anyana mteja na tangu hapo salamu ni za macho.

"Sisi wote tutoke ndio mzigo yako ipite?" akaniuliza. "Mimi si mtoto."

Sasa hapo nitasema nini? Angekuwa yeye amekuja kwangu na hadithi hiyo, ningemfungia mlango. Lakini hasira ilinipanda mpaka nikaangalia waya wa mashine yake ukutani na kupima kama nitaufikia kabla hajanizuia. Ningeuchomoa, angewasha tena kwa hasira, na ingekuwa vita ya jengo zima.

Nikarudi chumbani kwangu, nikaweka faili ya mama kwenye flash, nikazima mashine zangu zote. Nikampelekea Salim.

"Basi mashine itakayobaki iwe yako," nikamwambia. "Zima, tungoje, halafu uwashe wewe peke yako. Ukianza na trela yako, sawa. Lakini hizo samaki zinakufa."

Akaipokea flash. Halafu akafunga program.

Wakuu, sijawahi kusikia jengo lile likiwa kimya namna hiyo. Tulisimama kwenye korido kama watu waliokuja kutoa pole. Mmoja akaingia chumbani kwake "kuangalia kidogo tu" na tukamfokea karibu wote kwa pamoja. Waiswa alikuwa anashuka ngazi kwenda kwenye gari na kupanda tena. Kila akipanda nilimwangalia usoni, na kila mara uso ulikuwa umezidi kuharibika.

Muda ulipotimia Salim akawasha. Akachomeka flash yangu.

"Mama, njoo hapa," akaita. "Mzigo iko kwa jina gani?"

Alianza na samaki. Namba ilirudi hata kabla hajatoa mkono kwenye mouse.

Hakufunga. Kwa connection ile ile akatuma ya trela lake, kisha wengine wakaja na flash zao wakapanga mstari. Njia moja iliyo wazi ilibeba jengo zima.

Mimi nilishaondoka na pickup. Kukaa ofisini nisingeweza.

Tulipofika Chakol, mifuko iliwekwa juu ya maji ya bwawa ikiwa bado imefungwa, ili joto lilingane. Ndani ya mifuko miwili vifaranga walikuwa wamegeuka weupe, matumbo juu. Mama Amoit aliingia bwawani na nguo zake, akafungua mmoja mmoja. Waliokufa aliwatia kwenye ndoo. Mimi sikuona kitu kwenye maji nikadhani wameisha wote.

Nikamuuliza kama kuna waliopona.

"Hizi za ndoo zimeenda," akasema. "Zile zingine zimepata nguvu zimeshuka chini, sizioni. Hiyo ndio nilikuwa nataka, nisizione."

Nikakaa chini kwenye nyasi.

Baadaye kampuni ilirekebisha program. Sasa ina timeout, yaani muda wa kusubiri ukipita inakata. Inafunga ya zamani kabla ya kufungua mpya, inatumia moja kwa mizigo mingi, na ikikosa inapumzika kidogo kabla ya kujaribu tena. Wenye kuandika client, yaani program ya upande wa mtumiaji, hilo ndilo funzo langu: mkifungua connection, mjue nani ataifunga na lini, hasa siku mtandao ukikata bila taarifa. Kwenye test zenu za ofisini hamtaiona hiyo siku.

Wajuzi nikosoeni, nitajibu wote.

Ila wasio wa computer pia nawauliza. Trela lako limelala foleni, mtu mliyegombana naye anakuja kukuambia uzime mashine, na ushahidi wake ni maneno tu. Ungezima?