Rimu Nyeusi Nyuma ya Ua

Walisema sitaweza. Walisema mtu aliyerudi kutoka Uarabuni na diploma ya ufundi wa magari atakula akiba yake msimu mmoja, auze pikapu, kisha aombe kibarua cha kupakia mchanga. Waliosema hivyo ndio hao hao walionikopesha nilipopungukiwa nikiinunua. Kwetu Mbumbuni mtu hukukopesha asubuhi, jioni akafunga na kuomba uanguke.

Hawakuitazama injini niliyoifungua na kuifunga kwa mikono yangu. Walitazama magurudumu. Pikapu ilikuja na rimu za aloi, zile nyepesi zinazong'aa kama sufuria ya harusi. Nikazitoa, nikaziuza, nikafunga rimu za chuma: nyeusi, nzito, zisizo na urembo wowote.

"Mpwa wangu," mjomba alisema nje ya kanisa, sauti juu ili wote wasikie, "umezunguka dunia yote, ukaja kuvalisha gari gambuti?"

Walicheka hadi mama mmoja akashika ukuta.

Nilijua nilichokuwa nikifanya, na nasema hivyo bila aibu. Kule jangwani matajiri waliniachia magari yao wakaenda kulala. Aloi haishiki kutu haraka na usukani huwa mwepesi. Kwenye lami siibishii. Lakini mimi nilikuwa nikibeba magunia ya ndengu kutoka Zombe na Ikutha. Huko unapunguza upepo wa tairi ili uvuke mto wa mchanga, na ukitoka ng'ambo unapokelewa na mawe. Tairi likiwa laini hivyo, jiwe hufika kwenye rimu. Chuma hupinda, nawe ukakinyoosha kwa nyundo. Aloi hupasuka, na fundi wa kuichomelea yuko mjini, mbali.

Ikafika siku ya mtoto wa mjomba kupeleka ntheo, mbuzi ambao bila wao hakuna ndoa kwa Mkamba. Hata mwanamke akikuzalia watoto, mbuzi hao wasipofika kwao, bado ni wa babake. Wakwe walikuwa ng'ambo ya Ikutha.

"Nunua tena zile zinazong'aa," mjomba aliniambia. "Siendi kwa wakwe na gari la kokoto."

"Mjomba, zile hazitafika."

"Basi nilipe pesa yangu mwezi huu. Na wenzangu nitawaambia wadai zao."

Alijua kwamba kulipa wote mwezi huo ni kuuza pikapu, na kuuza pikapu ni kuwapa ushindi. Sikubadilisha rimu. Akakodi gari jeupe la kifahari, miguu inameremeta, akapakia mbuzi humo humo ili wakwe wawaone wakishuka. Mimi nikaachiwa akina mama, masufuria na mchele, nifuate vumbi lao.

Mtoni dereva wake alipunguza upepo, akavuka vizuri, akapiga honi ya kututambia. Hakujaza tena. Alipopanda kwenye mawe tulisikia mlio mmoja mkavu, kisha mwingine. Rimu mbili za mbele zilikuwa zimepasuka, na spea ni moja.

Nami nilikanyaga jiwe pale pale. Rimu yangu ikapinda mdomo, upepo ukaanza kutoka. Nikaitoa, nikailaza juu ya jiwe, nikaigonga mpaka tairi likakaa, nikapiga pampu. Akina mama waliimba pambio nikigonga. Mjomba alisimama kivulini akifuta viatu.

Tukahamisha mbuzi. Mjomba akaketi kando yangu. Tulipoona boma la wakwe, akanigusa mkono.

"Simama hapa, nyuma ya ua. Tutaingia kwa miguu."

"Kwa nini, mjomba?"

"Wasione hayo magurudumu."

Waliingia wakiimba, mbuzi mbele. Nikabaki garini. Nikasikia vigelegele, nikasikia mjomba akimshukuru Mungu aliyewafikisha, na dereva wa gari jeupe, aliyeachwa mtoni, akiombewa kwa jina lake. Mimi sikutajwa. Baadaye shangazi, mke wa mjomba, alinitolea sahani ya wali chini ya leso, kama anayelisha mgonjwa wa maradhi ya kuambukiza.

"Kula, mwanangu. Unamjua mjomba wako."

Namjua. Hakunidai mwezi huo. Hata yeye aliona haya kidogo. Nami sikupumzika. Nilibeba ndengu, saruji, mbuzi wa wafanyabiashara, hata madawati ya shule, kwenye njia ambazo magari yanayong'aa yalizishindwa yakarudi nyuma. Siku niliyotimiza pesa za deni lote nilizunguka nyumba hadi nyumba nikilipa, kila mmoja akijifanya alikuwa ameshasahau. Mjomba nilimweka wa mwisho.

Nilimwekea pesa mezani. Akachungulia dirishani.

"Umekuja na nini? Gari liko wapi?"

"Liko nyuma ya ua, mjomba. Nilidhani una wageni."

Shangazi aliacha kumimina chai. Mjomba alizikunja noti polepole. Kisha akanisindikiza, kama desturi inavyotaka. Lakini mgeni wa heshima husindikizwa hadi garini, naye alifika langoni akasimama. Nikaenda peke yangu.